Neno "Niemba" kwenye ankara

Mstari wenye thamani kuliko yote kwenye ankara zangu hauna tarakimu hata moja. Uko chini ya jina la mteja, juu ya hesabu, na unasema kwa Kiingereza kwamba kazi yote inayodaiwa hapa imefanyika Niemba na Kalemie, jimbo la Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wala hakuna sehemu yake iliyofanyika Marekani.

Mteja wangu ni kampuni ndogo ya Marekani inayouza pampu za maji za sola. Mimi si mwajiriwa wake. Nawatafuta wanunuzi huku kwetu, wakulima wa bonde la Lukuga, parokia, vyama vya ushirika, nafuatana nao hadi walipe, na kwa kila pampu iliyolipiwa napata asilimia 6. Kila mwisho wa mwezi naandika ankara, au fakitiri kama wanavyoiita wengi Kalemie. Mwaka wa kwanza mstari ule haukuwepo.

Ankara ya kwanza ilidai dola 900. Niliona aibu kuandika Niemba, kituo cha reli ambacho mtu wa kule hawezi hata kulitamka jina lake, nikaweka anwani ya binamu yangu aliyeko Dallas, nikidhani hapo ndipo nitaaminika. Maelezo ya kazi yakawa maneno matatu tu: huduma za mauzo. Mwezi uliofuata nikaletewa karatasi ya malipo ya dola 630. Dola 270 zilikuwa zimekatwa kwa ajili ya serikali ya Marekani, nchi ambayo sijawahi kuikanyaga.

Nilikasirika, kisha nikakaa chini kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kumwelewa mhasibu wa mteja. Kwa mtu asiye raia wala mkazi wa Marekani, sheria yao ya kodi huuliza kwanza pato limezaliwa wapi. Kwa malipo ya kazi ya mtu, jibu halitoki kwenye benki ya mteja, wala pale mkataba uliposainiwa, wala kiwanda cha pampu. Linatoka pale mtu alipokuwa wakati akifanya kazi. Aliyekuwa Niemba, pato lake ni la nje, na mlipaji hana cha kukata. Aliyekuwa Marekani, mlipaji hukata asilimia 30, na Kongo haina mkataba wa kodi na Marekani wa kuishusha asilimia hiyo. Mlipaji asipoweza kujua kazi ilifanyika wapi, anatakiwa aihesabu kama ya Marekani. Tena asipokata panapostahili, deni linaigeukia kampuni yake mwenyewe. Yule mhasibu alikuwa na ankara yenye anwani ya Dallas na maneno matatu yasiyosema lolote kuhusu mahali. Angefanya nini?

Kulikuwa na karatasi nyingine mkononi mwake, fomu ya W-8BEN, niliyoijaza kwa haraka kabla ya kuanza kazi. Wengi huku huichanganya na W-9. W-9 ni ya raia na wakazi wa Marekani. Ukiijaza umejitangaza kuwa mmoja wao, na taarifa zako zitapelekwa kwa idara ya kodi ya huko kwa misingi hiyo. W-8BEN ndiyo yetu, sisi watu binafsi wa nje. Haipelekwi kwa idara ya kodi; hukaa kwenye faili la mteja kama kinga yake. Lakini fomu hiyo inasema wewe ni nani na unaishi wapi. Haisemi kazi ilifanyika wapi. Pengo hilo huzibwa na ankara, mwezi kwa mwezi, na ndiyo sababu naung'ang'ania ule mstari.

Nikae kidogo kwenye fomu hiyo, maana ina mtego kwa mtu wa Niemba. Sehemu ya makazi hairuhusu sanduku la posta, nasi hatuna majina ya barabara wala namba za nyumba. Nilikuwa nimeuacha mstari huo na jina la mji tu, na hilo nalo lilizidisha mashaka. Maelekezo ya fomu yenyewe yanaruhusu mkazi wa nchi isiyotumia anwani za barabara aeleze mahali kwa maneno. Basi sasa naandika kama ninavyomwelekeza mgeni: Niemba, kando ya njia ya reli ya Kabalo na Kalemie, jirani na stesheni. Kwenye namba ya kodi ya nchi yako inaingia NIF, ile unayopewa na ofisi ya kodi ya DGI. Sehemu ya mkataba wa kodi naiacha wazi, kwa kuwa hatuna mkataba. Tarehe ya kuzaliwa inaanza na mwezi, kisha siku, kisha mwaka. Fomu iliyosainiwa mwaka 2026 hudumu hadi 31 Desemba 2029, mradi maelezo yake hayajabadilika.

Zile dola 270 zilirudi, na zilirudi kwa sababu niliwahi. Mlipaji aliyekata kupita kiasi anaweza kumrudishia mtu pesa yake mwenyewe, kabla ya kutoa taarifa ya mwaka ya makato, fomu 1042-S, ambayo mwisho wake ni 15 Machi ya mwaka unaofuata. Dirisha hilo likifungwa, inabidi uombe namba ya mlipakodi wa Marekani, ujaze ritani ya huko na usubiri. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikataja siku na mahali nilipowatembelea wanunuzi, kijiji kwa kijiji, nikaambatanisha W-8BEN mpya na ankara iliyosahihishwa, yenye Niemba badala ya Dallas. Malipo ya mwezi uliofuata yakaja na nyongeza ya dola 270.

Kuna neno jingine ambalo wauzaji wa kamisheni hulitumia bila kujua uzito wake. Mnunuzi akiagiza tena mwaka wa pili, nawe ukapata chako tena, Wamarekani wengine huyaita malipo hayo mrabaha. Usilikubali neno hilo kwenye ankara. Mrabaha ni malipo ya kutumia haki ya mtu, kama hataza au hakimiliki, na chanzo chake kisheria ni pale haki inapotumika. Mrabaha wa kitu kinachotumika Marekani hukatwa asilimia 30 hata kama mwenyewe amelala Niemba. Yako ni kamisheni ya mauzo, malipo ya jasho. Liandike jina lake kila mara.

Sasa kipimo cha kazi inayodaiwa. Makubaliano ya zamani kuliko yote ninayoyajua kati ya mkandarasi wa ukanda huu na fedha za Marekani ni ya mwaka 1876. Msafiri Stanley alikuwa amelizunguka ziwa Tanganyika na kuukagua mto Lukuga, huu huu unaopita kwetu, kwa gharama za gazeti la New York Herald na lile la Daily Telegraph la London. Alipofika Manyema alimwajiri Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye misafara yake iliumiza nchi hizi, amsindikize kuelekea kaskazini. Kwa maelezo ya Stanley bei ilikuwa dola 5,000 kwa hatua 60 za safari, kila hatua ikiwa mwendo wa saa 4. Tazama ufundi wake: hawakukubaliana kwa mwezi, wala kwa kufika mahali fulani, kwa kuwa hakuna aliyejua mto mkubwa wa Manyema unaelekea wapi. Walichukua kipimo ambacho pande zote mbili zingeweza kukihesabu njiani. Msitu ulipowashinda watu wa Tippu Tip na usindikizaji ukakatishwa kabla ya hatua 60, waliweza kukaa na kugawanya. Stanley anasema alimwandikia hundi ya dola 2,600, pamoja na vitu. Tippu Tip naye, kwenye habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili, ana manung'uniko juu ya zawadi alizoahidiwa. Kilichohesabiwa kikalipwa, kilichoahidiwa kwa mdomo kikabaki kinyongo.

Mkataba wangu wa kwanza haukuwa na kipimo kama hicho; ulisema tu "asilimia 6 ya mauzo". Mauzo ni nini? Bei iliyotangazwa, au iliyobaki baada ya punguzo? Siku mnunuzi aliposaini, au siku alipomaliza kulipa? Parokia moja ililipa kwa awamu tatu, mimi nikadai kamisheni yote awamu ya kwanza, mteja akakataa, na kila mmoja alikuwa na haki kwa tafsiri yake. Sasa tumeandika: asilimia 6 ya pesa iliyoingia kwenye akaunti ya kampuni, kwa kila awamu, na pampu ikirudishwa ndani ya siku 60 kamisheni yake inatolewa kwenye ankara inayofuata. Kila mstari wa ankara una namba ya oda, pesa iliyoingia, siku iliyoingia na asilimia 6 yake. Mhasibu haulizi kitu, anailinganisha na daftari lake tu.

Tarehe naziandika kwa jina la mwezi. 04/03 kwetu ni tarehe 4 Machi, kwao ni tarehe 3 Aprili, na kama malipo ni ndani ya siku 30 tangu tarehe ya ankara, umejichelewesha mwezi mzima kwa kalamu yako. TVA, kodi ya ongezeko la thamani, siiweki: mfanyabiashara mdogo asiyesajiliwa kuitoza hana ruhusa ya kuitoza.

Inabaki njia ya pesa yenyewe. Mmarekani amezoea kumlipa Mmarekani mwenzake kwa mfumo wa ndani wa benki zao, unaotaka namba ya benki yenye tarakimu 9, na huo haufiki Kongo. Asiye na akaunti huko analipwa kwa waya: kutoka benki ya mteja, kupitia benki ya kati, mara nyingi New York, ambako benki ya Kongo ina akaunti yake ya dola, hadi tawi la Kalemie. Kila kituo kinaweza kumega. Tuseme njia nzima inakula dola 45 kwa kila waya. Ukidai dola 150 kila wiki, kwa wiki nne umepoteza 180 kati ya 600, asilimia 30 kamili, sawasawa na ile kodi niliyoililia. Ukidai mara moja kwa mwezi umepoteza 45. Kuna wakati nilikuwa nadai kila wiki kwa hofu ya kudhulumiwa. Hofu hiyo ilikuwa ghali.

Kwenye maelekezo ya benki nchi naiandika kwa jina refu. "Congo" peke yake ni nchi mbili, na kwenye msimbo wa SWIFT herufi ya tano na ya sita ndizo zinazozitenganisha: CD ni sisi, CG ni Brazzaville. Vikwazo vya Marekani kwa Kongo vinawalenga watu na makampuni waliotajwa kwa majina, havizuii biashara na nchi nzima, lakini benki huwa na tahadhari, na zaidi tangu Oktoba 2022 Kongo ilipowekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kuhusu utakatishaji wa fedha. Waya wangu mmoja ulisimama siku 11. Aliyekuwa anaukagua alitafuta jina la Niemba, akakutana na shambulio la 8 Novemba 1960 darajani karibu na hapa, lililogharimu maisha ya wanajeshi 9 wa Ireland wa Umoja wa Mataifa. Akauliza ni biashara gani inayofanyika mahali kama hapo. Swali liliniuma, kwa kuwa watu wanalima na kusomesha watoto hapa kila siku ya Mungu. Nilimjibu kwa karatasi: mkataba, ankara, picha ya pampu ikimwaga maji shambani. Siku iliyofuata waya ukapita. Tangu hapo vyote vitatu naviambatanisha mapema kwa mteja, avitoe benki ikiuliza.

Mteja akikushauri akutumie kwa wakala wa pesa taslimu, mwambie kwanza aulize kama inamhusu kodi ya asilimia 1 ambayo tangu 1 Januari 2026 Marekani inatoza kwa pesa inayotumwa nje kwa noti mkononi au hundi ya benki. Inayotoka kwenye akaunti ya benki haiguswi. Kalemie sichukui noti nyingi, maana noti ya dola yenye mpasuko mdogo hapa hukataliwa sokoni. Natoa za matumizi, nyingine naziingiza kwenye simu, ambako dola na faranga kila moja ina mfuko wake.

Mwaka huu mteja amenialika kwenye maonyesho ya Las Vegas, siku 6 za kusimama kwenye meza yake na kuzungumza na wanunuzi wa Afrika. Ankara ya kipindi hicho nimeshaipanga, malipo yakigawanywa kwa idadi ya siku. Siku 90 za kazi, dola 1,800. Siku 84 Niemba na Kalemie, dola 1,680, chini yake ule mstari wangu kama kawaida. Siku 6 Las Vegas, dola 120, na chini yake nimeandika waziwazi kwamba kazi hii imefanyika Marekani. Watakata dola 36.