Kufasiri Misemo, na Kondoo wa Pujini

Wengi wenu mmepata kuitwa kuwa wakalimani. Mgeni amefika, Kiswahili hakijui, basi aliyesoma kidogo huambiwa, "Njoo utusemee." Watu hudhani kazi hiyo ni nyepesi kwa mtu ajuaye lugha mbili. Nasi tulidhani vivyo hivyo, mpaka siku moja hapa Pujini tulipofunzwa vingine.

Siku ile walikuja wageni wawili kutazama magofu ya Mkama Ndume. Mmoja alijua Kifaransa tu. Mwenzake alimfasiria kwa Kiingereza, na sisi tukakitoa Kiingereza kile kwa Kiswahili. Mbele yetu alikaa mzee mmoja ambaye habari za ukuta ule alizipokea kwa babu zake. Mzee alianza na ukuta, kisha akaingia katika habari za jamaa zake, nani alimzaa nani, na nani alihamia wapi. Mgeni alipoona maneno yamekwenda mbali, akasema kwa Kifaransa, "Revenons à nos moutons." Mwenzake akaitoa kwa Kiingereza neno kwa neno, nasi kwa haraka tukasema, "Mgeni asema, na turudi kwa kondoo wetu."

Mzee akanyamaza. Akatazama kulia na kushoto. Palikuwa na mbuzi wawili tu, wamefungwa chini ya mnazi. Kisha akauliza, "Mwalimu, kondoo ni nani hapa? Ni miye na wazee wangu?" Akachukua bakora yake, akaenda zake.

Baadaye tulipata kujua asili ya msemo ule. Umetoka katika mchezo wa kuchekesha wa Kifaransa wa karne ya 15, uitwao La Farce de Maître Pathelin. Humo mwuza nguo amemshitaki mchungaji wake kwa ajili ya kondoo, lakini mbele ya hakimu achanganya habari za kondoo na za nguo alizodhulumiwa, hata hakimu amtaka arudi kwa kondoo. Tangu hapo Mfaransa asemaye hivyo hana habari ya mnyama yeyote; ataka tu mazungumzo yarudi kwenye jambo lililokusudiwa. Mwingereza angesema kwa lugha yake, "Turudi kwenye jambo lenyewe." Nasi tungalisema, "Mzee wetu, tuyarudie yale ya ukuta," na mzee asingalichukizwa.

Basi kosa lilikuwa la nani? Yule wa kwanza alikosa, kwa maana Kiingereza chake hakikuwa Kiingereza, bali Kifaransa kilichovaa nguo za Kiingereza. Lakini kosa letu lilizidi. Tulisikia neno lisilopatana na mahali wala na saa, na badala ya kuuliza, "Kondoo gani?" tulilipokea kama mzigo uliofungwa na kulitua miguuni pa mzee.

Wako wasemao kwamba mfasiri mwaminifu haongezi wala hapunguzi, na kwa hiyo yampasa kufuata neno kwa neno. Twauheshimu uaminifu huo, lakini twauliza: ni uaminifu kwa nini, kwa sauti au kwa maana? Tutazame neno chumvi. Mfaransa humwambia mtu "ametia chembe yake ya chumvi" akiwa amejiingiza katika mazungumzo yasiyomhusu. Mwingereza naye husema habari fulani "ipokewe pamoja na chembe ya chumvi," maana yake isisadikiwe yote. Na sisi twasema mtu "ametia chumvi" akiwa ameikuza habari kuliko ilivyo. Tena mwenye "kula chumvi nyingi" ni mtu aliyeishi miaka mingi. Chumvi ni ile ile, ila kila taifa limeitia katika chungu chake. Basi Mfaransa akilalamika kwamba jirani yake ametia chembe ya chumvi, na mkalimani akasema kwa Kiswahili, "Jirani ametia chumvi," amemgeuza mdakizi kuwa mwongo. Hakuongeza wala hakupunguza hata neno moja, naye amemsingizia mtu. Kiingereza kizuri cha msemo huo ni kwamba jirani "ametia kasia lake". Na Kiswahili chake ni kwamba amedakia maneno yasiyomhusu.

Kwa hiyo twaona njia tatu mbele ya mfasiri. Ya kwanza ni kutafuta ndugu wa msemo katika lugha ya pili. Mfaransa husema kwamba kidogo kidogo ndege hujenga kiota chake; Mwingereza husema kwamba mapigo madogo huangusha mialoni mikubwa; nasi twasema haba na haba hujaza kibaba. Ndege, shoka na kibaba havifanani, lakini wote watatu watufundisha subira moja. Mfasiri akiweka kibaba mahali pa ndege hakuiba kitu.

Njia ya pili ni kusema waziwazi, pasipo picha. Mfaransa humwita mtu mvivu sana kuwa ana unywele katika kiganja, kana kwamba mkono usioshika jembe umeota nywele. Tukisema hivyo kwa Kiswahili, watu watampeleka mtu huyo kwa mganga. Na tuseme tu, "Ni mvivu wa kutupwa." Vivyo hivyo Mfaransa akiomba "pigo la mkono," aomba msaada, Mwingereza huomba "apewe mkono." Lakini ukimwambia mtu wa Pujini "nipe mkono," atakunyoshea mkono wa kuamkiana, na gunia la karafuu litabaki chini. Mwambie, "Nisaidie kujitwika."

Njia ya tatu ni kuiacha picha ilivyo na kuieleza, kwa sababu picha yenyewe ndiyo habari. Mfano ni jina la Mkama Ndume. Husimuliwa kwamba mtawala huyo aliwachukuza watu mawe vichwani huku wakijikokota kwa matako, na jina lake huelezwa kuwa ni mwenye kuwakama wanaume. Waingereza hulitoa kuwa "mkama maziwa wa watu," na msomaji wa mbali hucheka. Mfaransa angeweza kusema amewakamua watu kama zabibu shinikizoni, na mwenzake angefahamu ukali wake. Lakini jina lingepotea. Hapa na tuliache jina, kisha tuongeze maneno machache ya kulifafanua.

Kamusi zatusaidia, wala hatuzidharau. Askofu Edward Steere alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na mwaka ule ule hadithi za Kiswahili, zenye Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Padre Charles Sacleux alitoa kamusi ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891, na ile kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikaanza kutoka mwaka 1939. Twausifu sana mpango ule wa kurasa mbili zitazamanazo, kwa maana mfasiri asiyeficha asili ampa msomaji ruhusa ya kumsahihisha. Lakini kamusi hukupa neno likiwa peke yake, na msemo hauishi peke yake. Huishi kinywani mwa mtu, mbele ya mtu mwingine, kwa kusudi fulani. Kusudi hilo mfasiri hana budi kuliuliza kwa mwenyewe.

Tulikwenda kwa mzee yule jioni ile ile kumwomba radhi. Alitusamehe, akacheka, akatusimulia tena habari za ukuta. Lakini zile za jamaa zake, nani alihamia wapi, alisema, "Hizo siku nyingine, Mwalimu." Hatukuzipata. Alifariki kabla ya msimu wa karafuu, na watoto wake wajua nusu tu.

Basi, ndugu msomaji, utakapoitwa kusema kwa ajili ya wawili wasiosikilizana, na neno likafika ambalo hulielewi, usione haya kusema, "Ngoja, nieleze maana yake." Kuuliza hukuchelewesha kidogo tu, na huenda kukamwokoa mzee asinyamaze.