Kukaza kwa Kiasi

Beringi ya gurudumu la mbele haifi kwa kishindo. Huanza na mvumo wa chini, ambao madereva wengi hapa Songea hudhani unatoka kwenye tairi zilizolika upande. Kona ndizo huumbua. Kwenye mizunguko ya Lukumburu, ukikata kushoto uzito wa gari huegemea kulia. Kama beringi ya kulia ndiyo mbovu, mvumo hupanda, na ukikata kulia hutulia. Ukifika nyumbani inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, umeikaribia beringi, ila kagua na boli jointi, kwani nayo hucheza vivyo hivyo.

Naipenda kazi hii kuliko kazi zote za gari zinazofanyika uani, kwa sababu nguvu hazina nafasi kubwa ndani yake. Nazungumzia hasa Land Cruiser na Hilux za zamani, zile zinazobeba kahawa ya Umatengo na mahindi ya Namtumbo. Kila habu ya mbele ina beringi mbili, ya ndani na ya nje, zenye rola za umbo la pia zilizolala kimshazari ndani ya kikombe cha chuma. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi wa St. Louis, Marekani, aliipatia beringi ya namna hii hataza mwaka 1898. Kwenye kona gari husukumwa pembeni, na rola iliyolala kimshazari huweza kubeba mzigo wa juu na msukumo wa pembeni kwa pamoja.

Weka mawe nyuma ya magurudumu mengine, na gari likalie stendi. Jeki peke yake isiaminiwe hata kidogo. Ukishatoa kalipa, nati na habu, usikimbilie kutupa beringi ya zamani. Ioshe kwa mafuta ya taa, ipeleke kwenye mwanga, uisome. Rangi ya buluu ni ya moto: iliishiwa grisi au ilikazwa kupita kiasi. Vibonyeo vilivyoachana sawasawa na rola zilivyoachana ni vya pigo, pengine shimo la barabarani, pengine nyundo ya aliyeifunga. Magamba yaliyobanduka ni ya uchovu wa chuma, na hayo ni mauti ya heshima. Madoa ya kutu ni ya maji. Gari limeshuka kutoka vijiji vya Mbinga na mzigo, breki zimezipasha habu moto, kisha likavuka kijito cha msimu wa mvua: habu hupoa ghafla, hewa ya ndani hunywea, na maji hufyonzwa kupitia sili iliyochoka. Anayefunga beringi mpya bila kuusoma ugonjwa wa kwanza anauacha ugonjwa mle mle.

Vikombe vibadilishwe pamoja na rola zake. Kuweka rola mpya kwenye kikombe cha zamani ni ubahili ninaoupinga waziwazi. Kikombe kipya hugongwa kidogo kidogo, kwa kuzunguka, kwa kipande cha shaba kisichokwaruza. Sikiliza: mlio wa nyundo ni mwembamba kikiwa bado njiani, na kikigota chini huwa mzito. Mlio huo ukibadilika, acha kugonga.

Halafu grisi. Vumbi jekundu la mji wetu ni adui, kwa hiyo mimi hutandika kanga kuukuu iliyofuliwa na kunawa mikono kabla ya kufungua boksi. Grisi hupakwa kiganjani, beringi ikakandamizwa juu yake kwa upande mpana, mpaka grisi ichomoze upande wa pili kati ya kila rola. Kupaka nje tu ni kujidanganya.

Ufundi wenyewe uko kwenye nati. Land Cruiser ina mbili, za milimita 54, na katikati yake washa ya kukunja. Kaza ya ndani huku ukizungusha habu, ili rola zikae sawasawa. Ilegeze. Kisha ikaze tena, kidogo sana, mpaka mchezo uishe na habu ibaki na uzito mdogo mkononi. Ikibana sana, beringi itajichoma. Ikilegea, gurudumu litayumba. Kitabu cha gari huagiza uzito huo upimwe kwa mizani ya kuvuta iliyonasishwa kwenye bolti ya gurudumu, na anayeanza aitumie. Nati ya nje nayo huisukuma ya ndani kwenye hesi zake inapokazwa, hivyo kipimo hubadilika. Pima upya kabla ya kukunja washa.

Jaribio langu ni Peramiho, kilomita 25 hivi, misheni iliyoanzishwa mwaka uleule wa hataza ya Timken. Nikifika hugusa habu zote mbili. Uvuguvugu unaolingana ni dalili njema.

Wenye IST na Noah huniambia gari zao zimeifuta kazi hii, maana beringi zao huja zimefungwa na huingizwa kwa mashine ya presi. Lakini presi nayo hutaka uangalifu: beringi inapoingizwa kwenye nyumba yake, nguvu ipite kwenye ringi ya nje, habu inapoingizwa, ringi ya ndani ndiyo ishikiliwe. Nguvu ikipitia kwenye gololi, beringi hutoka na makovu kabla haijaenda popote. Simama hapo hapo, umuulize fundi anakandamiza ringi ipi.