Nani alimwoza Lydia Bennet?

Kitenzi ‘oa’ humpa taabu mfasiri yeyote anayejaribu kuileta riwaya ya Kiingereza nyumbani kwetu. Mwingereza ana neno moja tu, nalo huwatosha mume, mke, baba ya mke na hata kasisi anayefungisha ndoa. Sisi tumegawanya kazi. Mume huoa. Mke huolewa. Wawili huoana. Mzazi au walii humwoza binti, na binti huozwa. Kila kiambishi kina mtu wake, na kinatuambia nani ametenda na nani ametendwa.

Leo nataka tukichukue kitenzi hiki kama kurunzi, tuimulike harusi moja mashuhuri katika fasihi ya Uingereza: harusi ya Lydia Bennet katika riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice, iliyochapishwa Januari 1813. Wakati huo Mfalme George III alikuwa mgonjwa wa akili na mwanawe ndiye aliyeshikilia utawala kwa niaba yake, tangu 1811 hadi 1820. Wengi huisoma riwaya hii kwa ajili ya Elizabeth na Darcy. Si vibaya. Ila mimi nadai kwamba moyo wa kitabu umo katika zile wiki chache ambapo nyumba ya Longbourn inageuka kutoka matanga hadi shamrashamra za harusi, na hakuna anayeuliza kilichobadilika ni kitu gani hasa.

Hebu tujikumbushe. Bwana Bennet ana mapato ya pauni 2,000 kwa mwaka, mke mwenye maneno mengi na mabinti watano. Mtoto wa kiume hana. Shamba la Longbourn limefungwa na masharti ya urithi: halimwendei mwanamke. Siku mzee atakapofumba macho, nyumba na mashamba ni ya binamu yake, kasisi Collins. Kitakachobaki kwa mjane na mabinti ni pauni 5,000 zilizoandikwa katika mkataba wa ndoa ya wazazi. Gawanya kwa watano: kila binti ana pauni 1,000, ambazo kwa riba ya asilimia 4 huzaa pauni 40 kwa mwaka. Hesabu hiyo tuiweke kando, tutaihitaji.

Lydia, kitinda mimba, anaalikwa Brighton, mji wa pwani ambako kikosi cha askari kimepiga kambi. Elizabeth anamwonya baba asimruhusu. Baba hataki kusikia. Anajua binti akizuiwa, nyumbani hapatakuwa na amani. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Kabla ya kiangazi kwisha, Lydia, mwenye miaka 16, ameondoka usiku na afisa mmoja mtanashati aitwaye Wickham. Barua aliyoacha yasema wanaelekea Gretna Green, kijiji cha Scotland kilicho mpakani. Kwa nini huko? Kwa sababu sheria ya ndoa ya 1753 ilimpa mzazi wa Uingereza uwezo wa kuzuia ndoa ya mwana aliye chini ya miaka 21, na Scotland haikuhusika na sheria hiyo. Lakini wawili hao hawakufika Scotland. Walijificha London, bila ndoa.

Mama anapanda chumbani na kujilaza kwa kilio. Baba anakwenda London, anatafuta, anarudi mikono mitupu. Kisha barua ya shemeji yake, Bwana Gardiner, inafika mbio: wamepatikana, na ndoa itafungwa. Papo hapo mama anafufuka. Anaanza kutaja vitambaa na kuwaza nyumba zipi za jirani zitawafaa maharusi.

Basi, nani aliyeoa hapa? Sarufi yasema Wickham. Lakini fuata pesa. Kwetu mahari hutoka kwa mume. Huku zinakwenda kinyume: mume ndiye anayelipwa. Kwa mujibu wa barua ya Gardiner, Wickham ameridhika na lile fungu la Lydia la pauni 1,000 wazazi watakapokufa, pamoja na pauni 100 kila mwaka maadamu baba yu hai. Bwana Bennet si mjinga. Anajua mwanamume wa aina hiyo hangekubali chini ya pauni 10,000, na anahisi kuna mkono wa mtu. Baadaye Elizabeth anagundua kwamba mkono wenyewe ni wa Darcy. Ndiye aliyelipa madeni ya Wickham, yaliyozidi pauni 1,000, akamwongezea Lydia pauni 1,000 nyingine na kumnunulia bwana harusi cheo jeshini.

Mitaani mwetu, mwanamume anayetunzwa na upande wa mke huchekwa: “Huyu hakuoa, ameolewa.” Ndivyo alivyo Wickham. Ameolewa, tena baada ya kukaa vikao kadhaa kujadili bei yake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayefasiri riwaya hizi asilitumie neno ‘mahari’ kwa pesa za aina hii. Litampotosha msomaji, adhani mume ndiye aliyetoa. ‘Fungu la binti’ linatosha, na linaeleweka.

Na nani aliyemwoza? Kisheria ni baba, kwa kuwa idhini ni yake. Lakini kazi yake nzima ilikuwa kuandika jibu la barua. Msimulizi anatupa hesabu inayouma: ukitoa gharama za chakula cha Lydia, pesa zake za matumizi na zawadi za mama, zile pauni 100 kwa mwaka hazimpunguzii baba hata pauni 10. Gardiner ndiye aliyempa binti hifadhi nyumbani kwake Gracechurch Street na kumkabidhi kwa mume katika kanisa la St Clement. Na nyuma ya Gardiner yupo Darcy, amesimama kanisani, ameagiza asitajwe. Usione vyaelea, vyaundwa. Mwozaji halisi wa Lydia ni mwanamume asiye na udugu naye wowote, na aliyemchukia bwana harusi kuliko watu wote.

Sasa tumgeukie mama. Vizazi vya wasomaji vimemcheka Bi Bennet. Hata katikati ya kilio anamtuma nduguye amwambie Lydia asiagize nguo za harusi kabla ya kuonana naye, ati kwa kuwa hajui maduka mazuri. Na mumewe anapokataa kutoa hata gini moja ya nguo, jambo hilo linamwuma kuliko siku zote ambazo binti yake aliishi na mwanamume nje ya ndoa. Msimulizi anatutaka tucheke, nasi twacheka.

Lakini ngoja kidogo. Simtetei mama huyu. Malezi yake yamechangia balaa lenyewe. Ninachosema ni kwamba anajua tofauti kati ya ndoa na harusi. Ndoa imeshughulikiwa na wanaume, kwa barua na hundi. Harusi ndiyo inayoonekana na jirani. Nguo mpya zingesema kwa niaba ya familia: hapa hapakutokea kitu, ni binti tu ameolewa kama mabinti wengine. Na katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyeishi miaka yote akizihesabu zile pauni 40. Mume alizikimbilia kejeli na vitabu. Mke alizikimbilia nguo. Sioni kwa nini kosa la pili lichekwe na la kwanza lisamehewe.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Austen mwenyewe. Kabla ya Lydia, Wickham alijaribu hila hiyo hiyo kwa Georgiana, dadake Darcy, msichana wa miaka 15. Georgiana alimfichulia kakake, akaokoka. Riwaya inamhurumia: alikuwa mtoto, alihadaiwa. Lydia ana mwaka mmoja tu zaidi, mwanamume ni yule yule, lakini yeye anaitwa mpumbavu na asiye na haya. Tofauti ni nini? Georgiana ana pauni 30,000 na kaka wa kumsimulia kisa chake kwa heshima. Lydia ana pauni 1,000, na hana wa kumsemea.

Kuna watakaonijibu kwamba Lydia alikataa kuondoka Darcy alipomsihi, na kwamba alirudi Longbourn akichekelea, akamwambia dadake mkubwa ampishe mezani kwa kuwa yeye sasa ni mke wa mtu. Ni kweli. Lakini baada ya kuishi na Wickham siku zile zote, arudi kwa nani? Kwa Collins, aliyeandika kwamba heri binti huyo angekufa? Austen, kwa sifa yake, anauweka ukatili huo kinywani mwa mtu anayedharaulika, tuuone ulivyo. Haendi mbali zaidi ya hapo. Mwishoni anatuarifu kwamba mapenzi ya Wickham yalipoa upesi na ya Lydia yakadumu kidogo tu kuliko yake, kisha anawaacha wahame nyumba hadi nyumba wakiomba pesa kwa dada zake.

Kwa hiyo mfasiri anaposhika kalamu ana uamuzi wa kufanya. Akiandika ‘Lydia alitoroka’, amemtwisha binti kosa lote. Akiandika ‘Lydia alitoroshwa’, ametukumbusha kwamba kuna aliyemtorosha: mtu mzima, mwenye madeni, aliyekwisha kujaribu kwa mtoto mwingine. Mimi ningeandika la pili. Kiambishi ‘sh’ ni kidogo mno, lakini ndicho kinachomtaja Wickham.