Mkono Usioruka Kunyanzi

Wachoraji wa kasri wana sifa mbaya miongoni mwa wapenzi wa sanaa. Husemwa kuwa kazi yao ilikuwa kupamba wakubwa: kunyoosha pua ya mfalme, kumpunguzia malkia miaka, kung'arisha nishani hadi zimfunike aliyezivaa. Vicente López Portaña, mzaliwa wa Valencia aliyefanywa Mchoraji Mkuu wa Kasri na Mfalme Fernando wa Saba wa Hispania mwaka 1815, ameshutumiwa sana kwa hilo. Wanaomlaumu wanadai kwamba alizijali lesi na nyuzi za dhahabu kuliko moyo wa mtu. Mimi naona kinyume chake. Umakini uleule wanaoudharau ndio uliompa uwezo wa kusema kweli, na ushahidi ni picha ya mchoraji mwenzake Francisco de Goya aliyoichora mwaka 1826, ambayo leo imo katika Jumba la Makumbusho la Prado, Madrid.

Mwaka huo Goya alikuwa mzee wa miaka 80, kiziwi kwa zaidi ya miaka 30, aliyerejea Madrid kwa muda kutoka Bordeaux kuomba kustaafu utumishi wa kasri. Amekaa kitini, kavaa koti la kijivu na kitambaa cheupe shingoni. Mkono wa kulia umeshika brashi, wa kushoto ubao wa rangi. Nishani hana. Mwenye macho haambiwi tazama: nyusi zimekunjamana, midomo imebanwa, mvi zimetimka kichwani, na macho yanamkazia mtazamaji kama ya mtu aliyekatizwa kazini. Usoni rangi imelazwa kwa upole kiasi kwamba unaona ngozi iliyolegea kabla hujakumbuka kuwa ni mafuta juu ya turubai. Mkono wa López ndio uliozoea kufuata kila uzi wa mavazi ya kifalme, na hapa umefuata kila mkunjo wa uso kwa uaminifu uleule. Kumpamba mtu ni kuruka yasiyopendeza. Mkono uliozoea kutoruka chochote haupambi hata ukitaka.

Yupo atakayesema kwamba Goya mwenyewe, kwa mapigo machache ya brashi, aliifikia nafsi ya mtu upesi na kwa kina zaidi. Ni kweli, wala sishindanishi vipaji. Lakini mapigo machache hubeba pia hukumu ya mchoraji, ilhali López anajiweka kando ili anayechorwa ajisemee. Mwingine atakumbusha simulizi ya zamani kwamba Goya ndiye aliyemzuia López asiendelee kuilainisha picha hii, na kwamba uzuri wake watoka hapo. Hata tukiikubali, simulizi hiyo haimpunguzii López kitu. Kilichokuwa tayari juu ya turubai, yaani umbo la fuvu, uzito wa kope na ukaidi wa kidevu, ni matunda ya mafunzo ya miaka mingi. Anayeambiwa aache mapema akabaki na kazi timamu ni yule aliyejenga vizuri tangu msingi.

Tukumbuke pia kwamba cheo cha López ndicho alichokipata Goya mwaka 1799. Mwenye wivu angeweza kumchora mkongwe aliyechoka, na mwenye kujipendekeza angemrudishia ujana. López alimwachia uzee wake wote na nguvu zake zote. Kisha, juu ya ubao wa rangi alioushika mzee huyo, akaandika kwamba picha ni ya López kwa rafiki yake Goya. Hakuyaweka maneno hayo ukutani wala pembeni mwa turubai. Aliyaweka kwenye chombo cha kazi, mahali ambapo fundi humsalimu fundi mwenzake. Goya alifariki Bordeaux mwaka 1828, na ubao ule bado u mkononi mwake, rangi zikiwa juu yake, brashi ikiwa tayari.