Dadu na Kalamu

Katika Ironsworn, mchezo wa kuigiza uliotungwa na Shawn Tomkin na kutolewa mwaka 2018, mtu aweza kujivika uhusika na kucheza peke yake, kisha akaandika yaliyotokea. Hurusha dadu moja ya pande 6 na mbili za pande 10. Ile ya kwanza, ikijumlishwa na alama za mhusika, ikizishinda zote mbili, amefaulu. Ikishinda moja, amefaulu kwa shida. Isiposhinda hata moja, ameshindwa.

Baadhi ya waandishi huorodhesha nambari tupu. Wengine huzificha kabisa. Maandishi ya kwanza hayasomeki. Ya pili yasomeka, lakini tukikuta mhusika amezama mtoni hatujui amezamishwa na dadu au na kalamu. Sisi twaona afadhali masimulizi yaendelee, na matokeo ya dadu yawekwe katika mabano.

Mfasiri naye ajihadhari. Akiandika “kete” mahali pa “dadu”, msomaji wetu atadhani ni bao, ambalo huchezwa kwa hesabu, si kwa bahati. Tunapendekeza “dadu” litumike daima.