Sala Mbele ya Bakuli la Supu: Tuitazame Upya Franny and Zooey

Wengi wetu tukimtaja J. D. Salinger huishia kwenye The Catcher in the Rye ya mwaka 1951. Makala hii fupi inakusudia kuchambua Franny and Zooey (1961), kitabu chenye hadithi mbili zilizotoka kwanza katika jarida la The New Yorker, mwaka 1955 na 1957. Dhamira inayonishughulisha ni moja: je, mlei anaweza kusali sala ya moyo huku akiendelea na maisha ya kila siku?

Franny ni mwanafunzi wa chuo kikuu kama sisi. Anatembea na kitabu kidogo chenye asili ya Urusi, kinachosimulia habari za msafiri maskini aliyetaka kujua mtu atasalije muda wote kama Mtume Paulo alivyoagiza. Mzee wa kiroho anampa sala fupi ya kumwomba Yesu rehema, airudie mara 3,000 kwa siku, kisha 6,000, kisha 12,000, mpaka moyo uendelee wenyewe. Franny anamsimulia mpenzi wake Lane haya mkahawani. Na Lane? Anakula konokono na miguu ya vyura, na kujisifia insha yake juu ya Flaubert. Jamani, Lane si ndiye sisi wahakiki?

Katika hadithi ya pili Franny yuko nyumbani New York, kajilaza kwenye kochi, midomo inacheza kwa sala. Mama yake, Bessie, anamletea supu ya kuku, anaikataa. Kaka yake Zooey anamkemea: anatafuta mwalimu mtakatifu huko mbali, kumbe hatambui utakatifu wa supu aliyoletewa na mama. Kimaudhui, hapo ndipo penye uzito wa kitabu.

Lakini hapohapo nina ugomvi na mwandishi. Somo lote linatoka kinywani mwa Zooey, bingwa wa maneno, ambaye kurasa nyingi kabla alikuwa bafuni akimkejeli mama huyohuyo. Usawiri wa Bessie ni wa kuchekesha: sigara, kimono, mifuko imejaa vikorokoro. Mwishowe tunaambiwa Kristo yumo katika mwanamke mnene wa kuwaziwa tu, anayesikiliza redio. Hivi kwa nini twende hadi kwake, na Bessie yupo humo humo nyumbani? Franny anatulia, lakini supu hatumwoni akiinywa.

Niseme kwa nini jambo hili linaniuma. Mwaka wa kwanza nilijaribu sala hiyo bwenini, nikihesabu kwa rozari. Nilikuwa na homa. Mwenzangu wa chumba akaniletea uji, nami nikamwinulia mkono anyamaze, nisipoteze hesabu. Akauweka mezani, akatoka. Uji ukapoa.

Nilipomsoma Franny niliona aibu, na kazi inayomfikisha msomaji hapo siwezi kuiita dhaifu. Ila nadhani Bessie alikwisha kujibu swali la kitabu pale alipoingia na bakuli, na Salinger akampa Zooey sifa. Anayeona vinginevyo ashike kalamu, tujadiliane.