Sifa za Kutu

Asiyeijua kazi ya kujenga reli ndogo nyumbani hudhani uhodari uko kwenye treni. Treni si tatizo. Tangu mwaka 1891, Märklin wa Ujerumani walipotoa treni za ufunguo pamoja na reli za vipimo maalumu zinazoweza kuunganishwa na kuongezwa, mwenye fedha ameweza kuingia dukani na kutoka na injini mkononi. Tatizo ni kwamba injini hiyo ikitolewa kwenye boksi inang'aa, na hakuna injini duniani iliyovuta mizigo mwaka mzima ikabaki hivyo. Basi fundi anaanza pale mnunuzi anapodhani mambo yamekwisha: anaitia uchafu. Wapo watakaosifu milima, madaraja na taa za stesheni. Mimi nausifu ufundi wa kuchakaza.

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni 1:87. Hapo mtu mzima anabaki na urefu wa sentimita 2, na kilomita moja inakuwa mita 11 na nusu. Njia ya zamani ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita 530 hivi, ingedai chumba chenye urefu wa kilomita 6. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na za mezani ndizo zaidi. Kwa hiyo fundi huchukua stesheni moja, kipande cha tuta, bohari, na kona inayopotelea nyuma ya kilima. Mengine anayaacha. Alichokibakiza ndicho kitakachosema kwa niaba ya njia nzima, na hakiwezi kusema kwa ukubwa, maana ukubwa hakina. Kitasema kwa alama za matumizi.

Tazama kazi ya kokoto. Kokoto ya kweli ina upana wa kama sentimita 5. Kwa kipimo hicho inakuwa pungufu ya milimita 1, yaani mchanga uliochekechwa. Fundi anaumwaga mkavu kwa kijiko kati ya mataruma, kisha anausawazisha kwa brashi laini hadi isibaki punje juu ya taruma wala ubavuni mwa reli. Akitia gundi moja kwa moja, tone litajikusanya juu ya mchanga, liviringike na kuzoa punje, na kazi ya jioni nzima itoboke mashimo. Dawa yake ni maji yaliyotiwa tone la sabuni ya vyombo. Yakipuliziwa kwanza, mchanga unalowa hadi chini. Ndipo gundi nyeupe ya mbao, iliyozimuliwa kwa maji, inadondoshwa kwa bomba la sindano na mchanga unainywa. Asubuhi kila punje imeshika mahali pake, na huoni dalili ya gundi.

Baada ya hapo kutu inaingia, na kutu ina kanuni zake. Ubavu wa reli hupakwa hudhurungi, lakini uso wake wa juu huachwa uking'aa, kwa sababu magurudumu huusugua kila siku. Njia ya pembeni isiyotumika hupakwa kutu mpaka juu, ikaoteshwa majani mawili matatu kati ya mataruma. Kwa tofauti hiyo peke yake mtazamaji anajua treni zinapita wapi na wapi zimeacha kupita. Injini inaposimama kujaza maji, chini pana weusi wa mafuta. Kokoto za kuingilia stesheni zina wekundu kuliko nyingine, kwa vumbi la chuma linalotoka kwenye breki. Paa la mabati nalo halianzi kuoza popote tu: kutu hutokea kwenye misumari na pale bati linapolalia bati, kisha huteremka na njia ya mvua. Anayerusha rangi ovyo atapata paa chafu; anayeifuata mvua, kwa brashi karibu kavu na vumbi la chaki, atapata paa la zamani. Uchakavu una sababu, na fundi asiyeijua sababu hawezi kuiga matokeo.

Aliyewafunza wengi jambo hili ni John Allen, mpiga picha wa Marekani aliyejenga reli yake, Gorre & Daphetid, nyumbani kwake Monterey, California. Alileta mabehewa ya mbao zilizopauka, majengo yaliyochoka, na milima iliyoanzia sakafuni ikapanda kuelekea dari. Hakuwa mtumwa wa uhalisi: kazi ya kupanga mabehewa aliwahi kumpa dinosau aitwaye Emma. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza sehemu kubwa ya kazi yake. Zimebaki picha alizopiga, na mtindo ambao mafundi huufuata hata wasipolijua jina lake.

Roye England alikwenda mbali zaidi. Mwaustralia huyu alihamia Uingereza katika miaka ya 1920, akalipenda bonde la White Horse na vijiji vyake vya nyumba za manyasi, kisha akaziona nyumba hizo zikibadilishwa moja baada ya nyingine. Kuzuia hakuweza. Akaamua kuzijenga upya kwa karatasi ngumu na rangi ya maji, kwa kipimo cha 1:76, zikifuata zile za kweli ukuta kwa ukuta. Tangu 1954 kazi hiyo ina makao yake katika makumbusho ya Pendon, kijijini Long Wittenham, ambako watu wa kujitolea wanaiendeleza. Kule Hamburg, maonyesho ya reli ndogo ya Miniatur Wunderland, yaliyofunguliwa 2001, yana treni zaidi ya elfu moja na yanastahili umaarufu wake. Pendon haishindani kwa idadi. Inajibu ukuta fulani ulikuwa na rangi gani, katika miaka ipi.

Husemwa kwamba huu ni mchezo wa watoto waliozeeka. Mtoto huomba treni mpya. Anayekesha akitafuta rangi halisi ya bati la mwaka 1960 amekwisha kuvuka mpaka wa mchezo. Anatunza kumbukumbu ambazo hakuna ofisi iliyozifungulia faili.

Nasi tunazo za kutunza. Mwaka 2017 abiria wa Mombasa na Nairobi walihamia reli mpya, na stesheni za njia ya zamani, iliyoanza kujengwa 1896, zikawapoteza. Mount Gelai, moja ya injini za mvuke aina ya Garratt za daraja la 59 zilizoundwa Manchester na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Mita zake karibu 32 zingekuwa sentimita 36 na ushei juu ya meza. Chuma, basi, kipo. Kinachopotea ni masizi: yaliganda ukuta upi wa stesheni ya Voi, vumbi jekundu lilipanda hadi wapi, benchi lipi lililiwa na mizigo. Hayo wanayajua wazee waliofanya kazi ya reli. Mtu akitaka kuijenga Voi, udongo wa kuchekecha uko pale pale, na boksi tupu la sabuni litatosha kuta. Lakini asikate kadibodi kabla hajawauliza hao wazee, na asichelewe kuwauliza.